Mashine ya chai ya kubonyeza au sufuria? Nimekaa na mashine miezi saba hapa Mtwara, naleta niliyoyaona

#1 Mpika Chai wa Stendi (Mtwara)

Wakuu, habari za asubuhi. Walionizidi umri, shikamooni.

Kuna mdogo wangu yuko Lindi, zamu yake imefika kwenye kikundi chao cha kukopeshana na anataka kununua mashine ya chai kama ile aliyoiona kwangu. Nimemwomba asitoe hela mpaka niandike kila kitu hapa, na ninyi wenye uzoefu mniongezee au mnisahihishe.

Nauza chai jirani na stendi ya Mkanaledi. Mabasi ya Dar yanaondoka alfajiri, kwa hiyo mkaa wangu unawashwa saa tisa usiku. Kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili ndipo siku yangu ilipo: abiria, makonda, bodaboda, wabeba mizigo, mama waliotoka Msimbati na ndoo za samaki. Baada ya hapo ni mtu mmojammoja. Kwa zile saa mbili tulikuwa tunatoa vikombe zaidi ya mia, mimi na binti mmoja, kwa sufuria mbili na chupa nne za chai. Na bado kila siku kulikuwa na watu wanaokimbilia basi wameacha kikombe nusu, au wameondoka hawajapata kabisa. Hilo ndilo lililoniuma hadi nikaitafuta mashine.

Niliipata Dar ikiwa imetumika. Ndani yake kuna makopo matatu ya unga: chai ya maziwa, chai ya tangawizi na kahawa, vyote vimechanganywa na maziwa ya unga na sukari kabisa. Pembeni kuna tangi dogo la maji linalokaa moto muda wote. Ukibonyeza, parafujo iliyo chini ya kopo inazunguka na kudondosha unga kwenye kibakuli, maji ya moto yanaingia, kijifeni kidogo kinakoroga, chai inashuka na povu lake. Sekunde kama kumi na tano. Nilipoiona mara ya kwanza ikifanya kazi nilijua nimepona.

Na wiki ya kwanza ilikuwa hivyo kweli. Abiria walifurahi, foleni ikaisha, binti akapata nafasi ya kuangalia maandazi yasiungue.

Wiki ya pili akaja mzee mmoja anayebeba mizigo pale stendi, mteja wangu tangu nianze. Yeye ni muhogo wa kuchemsha na chai ya tangawizi, kila siku ya Mungu. Akanywa mafunda mawili, akaweka kikombe mezani, akaniambia kwa upole kabisa: "Mwanangu, chai yako siku hizi haiivi."

Nililala na hilo neno. Hakusema tamu au chungu, wala kwamba imepoa. Alisema haiivi. Nikaanza kujiuliza chai inaivaje, kwa sababu nimepika tangu nina miaka tisa jikoni kwa mama mkubwa Mikindani na sijawahi kukaa nikaliwaza jambo hilo.

Mama mkubwa alikuwa anatwanga tangawizi, anaitia kwenye maji ya baridi, anaiacha ichemke mpaka maji yageuke manjano na jirani ajue kwamba kwetu kuna chai. Hapo ndipo majani yanaingia. Yakishachemka kidogo na rangi ikakolea, maziwa. Anasimama hapohapo na upawa, maziwa yanapanda, anayashusha, yanapanda tena, anayashusha. Halafu anaondoa sufuria motoni, anatupia iliki iliyopondwa muda huohuo, anafunika. Ukijaribu kutanguliza maziwa kabla tangawizi haijachemka anakupiga mkono.

Niliuelewa mkono ule nikiwa na mashine. Nilitaka kuirekebisha chai ya mashine ili yule mzee arudi, nikasaga tangawizi mbichi, nikatia kijiko kwenye jagi la maziwa ya vuguvugu, niwe nawaongezea wateja wanaopenda kali. Baada ya dakika chache maziwa yote yakawa mabonge. Nikadhani yameharibika, nikajaribu maziwa mengine, yakaganda vilevile. Baadaye nikaja kujua kwamba tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, na kwamba kimeng'enya hicho kinakufa kwa moto. Kwa hiyo ule utaratibu wa tangawizi kwanza, maziwa baadaye, una sababu, na mama mkubwa aliujua bila kusomea.

Iliki nayo ina sababu. Harufu yake ni mafuta yanayoruka na mvuke. Ukiichemsha tangu mwanzo, jirani ananusa, mnywaji hapati kitu.

Mambo mengine yaliyonikuta niyataje haraka. Masika yalipoanza, unga ulivuta unyevu wa hewa ya pwani ukaganda ndani ya kopo, parafujo inazunguka haileti kitu, vikombe vinashuka maji meupe. Nikawa kila asubuhi nafungua, nakausha, nagonga. Sukari iko ndani ya unga, kwa hiyo mteja mwenye kisukari sina cha kumpa.

Na umeme. Siku moja saa kumi na robo, watu zaidi ya ishirini mbele yangu, ukakatika. Maji yamo ndani ya tangi na ni ya moto, lakini hayatoki, kwa sababu pampu nayo inataka umeme. Nilisimama mbele ya watu wenye njaa na tangi la maji ya moto nisiloweza kulifungua. Wakahamia kwa jirani yangu mwenye jiko la mkaa. Kuna niliyempoteza siku ile hajarudi mpaka leo.

Msimamo wangu kwa sasa: hizi mashine zimeundwa kwa ajili ya chai ya kulowekwa, na sisi kwetu chai inapikwa. Ni vinywaji viwili vyenye jina moja. Nawaomba mchango wenu, hasa mliotumia aina nyingine.

#2 Korosho Ghafi (Tandahimba)

Dada, hapo kwenye "haiivi" umenikumbusha mbali. Msimu wa korosho tunakaa ghalani tangu alfajiri tunasubiri kupima mzigo, na mama anayekuja na chai ya mchaichai kwenye chupa kubwa ndiye anayetufanya tuvumilie. Huku kwetu mchaichai umeota nyuma ya kila nyumba, unakata majani, unafunga fundo, unatia kwenye sufuria. Sijui ni kopo gani la mashine litakalopokea fundo la mchaichai.

#3 Mtumishi wa Ofisi (Lindi)

Nitakwenda kinyume kidogo na dada, kwa heshima.

Ofisini kwetu tuko watu thelathini na kitu. Zamani mama mhudumu alikuwa anapika chini, anapandisha sufuria ngazi mbili. Mama mtu mzima, magoti yanamuuma. Siku moja aliteleza, chai ikamwagikia mkono na paja. Alikaa nyumbani wiki sita. Sisi tuliokuwa tunaisifia chai yake hakuna hata mmoja aliyewahi kumsaidia kubeba, na mimi nimo.

Ilipokuja mashine, mama huyo aliendelea na kazi zake nyingine, na mpaka leo ni yeye anayeisafisha na kuijaza. Chai si kama yake, nakubali. Lakini kila ninapoikumbuka ile sufuria ngazini naona afadhali hii iliyopo. Tukizungumzia utamu wa chai ya mkono, tuuzungumzie pia mkono wenyewe.

#4 Mjukuu wa Mufindi (Mtwara)

Nimekulia kwenye mashamba ya chai Mufindi, mzee wangu alikuwa kiwandani, mimi nimehamia huku kikazi. Naomba niongeze upande wa majani na upande wa mashine zenyewe, maana dada amegusa jambo kubwa kuliko anavyodhani.

Tuanze na majani. Chai karibu yote tunayokunywa nchini, iwe imetoka Mufindi, Njombe, Rungwe au Usambara, inasindikwa kwa njia inayoitwa CTC, yaani kuponda, kuchana na kukunja. Mashine za namna hiyo zilianzia Assam, India, miaka ya 1930. Jani linapita kati ya magurudumu yenye meno, linatoka punje punje. Halafu punje zinachekechwa kwa ukubwa: BP1 ndiyo kubwa, inafuata PF1, halafu PD, halafu D1 ambayo ni laini. Kadiri punje ilivyo ndogo ndivyo inavyotoa rangi upesi. Majani ya CTC yanatoa rangi na ukali ndani ya dakika chache, na yanahimili maziwa. Majani mazima yaliyosokotwa, kama wanayopenda Wachina na wengine, ukiyachemsha kama sisi tunavyochemsha unayaharibu.

Sasa mashine. Mojawapo ya za mwanzo kupata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, Uingereza ilikuwa ya mwaka 1902, ya Frank Clarke, fundi bunduki wa Birmingham. Ilikuwa saa ya kuamshia. Muda ukifika inasugua kiberiti, inawasha taa ya spiriti chini ya birika, maji yakichemka birika linainamia buli na kengele inalia. Miaka ya 1930 wakaja na ya umeme, Teasmade ya kampuni ya Goblin, ikawa inawekwa pembeni ya kitanda. Hiyo ilikuwa na akili nzuri: birika limezibwa, maji yakichemka mvuke unayasukuma yapite kwenye mrija hadi kwenye buli lenye majani. Birika likishakuwa tupu linakuwa jepesi, na wepesi huo ndio unaozima umeme.

Angalia mashine zote mbili zinafanya nini. Zinachemsha maji na kuyamimina juu ya majani. Basi. Za kisasa zaidi, kama ya Breville ya Australia, zina kikapu cha majani kinachoshuka ndani ya maji chenyewe na kupanda muda ukiisha, na unachagua joto: chai ya kijani nyuzi 70 au 80, chai nyeusi karibu na 100. Ni ufundi mzuri sana, na kwa chai ya kijani ningeichukua leo, kwa sababu ile ukiichemsha inakuwa chungu kama shubiri. Lakini hakuna hata moja hapo inayotia maziwa motoni.

Hata kiwango cha kimataifa cha kuandaa chai kwa ajili ya waonjaji, ISO 3103 kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1980, kinasema gramu 2 za majani kwa mililita 100 za maji yaliyotoka kuchemka, dakika 6, kwenye chombo cha kauri chenye kifuniko. Lengo la kiwango hicho ni kulinganisha chai na chai kwa haki, hakikusudii kukupa kikombe kitamu. Mzee wangu alikuwa anaonja vikombe mfululizo mezani, anavuta kwa kijiko na kutema, halafu akirudi nyumbani anakunywa chai ya mama iliyochemshwa na maziwa na anaifurahia kuliko zote.

Kwa hiyo dada, nakubaliana nawe kwa uzito wote. Yetu imetokana na mapishi ya watu wa upande wa pili wa Bahari ya Hindi, wanaopika majani, maziwa na viungo pamoja. Ya Uingereza ni ya kumimina. Mashine imezaliwa kwa Waingereza.

#5 Fundi Waya (Lindi)

Mufindi kamaliza historia, mimi nilete hesabu.

Kuchemsha maji lita 10 kutoka nyuzi 27 hadi 100 kunahitaji umeme kama uniti 0.85. Weka na joto linalopotea, sema uniti moja. Tukikadiria uniti kwa shilingi 350, lita 10 ni shilingi 350, na hizo ni vikombe 50 vya mililita 200. Linganisheni na mkaa mnaonunua kwa kopo. Chombo cha wati 2,000 kitachukua dakika 25 hadi 30 kuchemsha lita hizo. Kwa hiyo anayesema umeme ni ghali kwa kuchemsha maji hajapiga hesabu.

Kinachokula umeme ni kuweka tangi moto siku nzima. Linapoa, linajiwasha, linapoa, linajiwasha, hata kama mteja hayupo. Dada, baada ya saa mbili asubuhi ulikuwa unaizima?

Jambo la pili, chokaa. Mashine nyingi ninazoletewa kutoka pwani zimekufa kwa ukoko mweupe kwenye koili na kwenye mirija. Visima vyetu vingi vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, maji yana chokaa, yakichemka chokaa inabaki. Koili ikivaa ukoko inachelewa kuchemsha na mwisho inaungua. Chemsha maji yenye siki au juisi ya limao humo ndani mara moja kila baada ya wiki mbili, acha yakae nusu saa, mwaga, suuza mara tatu. Spea za mashine hizi huku Kusini hakuna, utaagiza Dar na utasubiri basi.

#6 Makonde Juu (Newala)

Suala la maji mlilogusa ndilo langu. Sisi huku juu kwa miaka mingi tumetegemea maji ya mvua, kila nyumba ina kisima cha kukingia maji ya bati. Chai ya maji ya mvua ni nyingine kabisa. Inang'aa, ukiimimina kwenye glasi unaona kidole upande wa pili. Nikishuka Mtwara nikapewa chai ya rangi naona utando juu kama mafuta. Kwa muda mrefu nilidhani vikombe havijaoshwa vizuri, nikawalaumu watu kimoyomoyo. Nawaomba radhi.

#7 Mjukuu wa Mufindi (Mtwara)

@Makonde Juu ni chokaa hiyohiyo aliyoisema fundi. Ikikutana na chai na hewa inatengeneza utando. Kamua limao kidogo utaona unapotea, na rangi ya chai inafifia hapohapo kuwa ya kahawia nyepesi kwa sababu ya asidi. Halafu Newala mko juu, maji yenu yanachemka nyuzi mbili tatu chini ya mia. Haiharibu chai, ila mpe tangawizi muda zaidi kidogo.

#8 Mpika Chai wa Stendi (Mtwara)

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Ahsanteni sana.

@Mtumishi wa Ofisi, kaka, umenisimamisha. Nina alama mbili za moto kwenye mkono wa kulia na binti yangu wa kazi ana moja. Nilipokuwa naandika juu ya mama mkubwa sikukumbuka kwamba naye alikuwa na kovu kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, na sisi watoto tulikuwa tunalishika tukicheza. Sufuria la lita kumi na tano linalochemka, saa kumi usiku, kwenye sakafu yenye mchanga, ni kitu cha kuogopwa. Sitaki mtu asome uzi huu akadhani nataka kina mama waendelee kubeba moto ili mimi nipate ladha. Kama mashine inamwondolea mama yule ngazi mbili, iwepo. Ila ningependa aulizwe yeye mwenyewe. Huenda angechagua jiko la gesi la plate mbili liwekwe huko huko juu, apike pale pale bila kubeba kitu, na ninyi mpate chai iliyoiva. Jiko hilo ni hela kidogo sana ukilinganisha na mashine.

@Fundi Waya, sikuwa naizima. Nilikuwa nadhani kuwasha upya ndiko kunakokula. Mwezi wa kwanza nilinunua umeme mara tatu. Na ukoko niliuona siku nilipofungua nyuma, ulikuwa kama ganda la yai.

Kuna mtu kanitumia ujumbe pembeni kwamba India zipo mashine zinazopika kabisa: zinachemsha maji, majani, maziwa ya maji na tangawizi pamoja, na kukoroga. Nimefuatilia, na ni kweli zipo. Kwa hiyo nisahihishe niliyoandika mwanzo. Si kila mashine ni ya kuloweka. Wenzetu ambao chai yao ni ya kupikwa wamekaa chini wakaunda ya kupika, na nimefurahi kulijua hilo, kwa sababu maana yake chai ya namna yetu imeheshimiwa na mafundi. Ila ile inataka maziwa ya maji. Huku kwetu Kusini ng'ombe hawakuwa wengi zamani kwa sababu ya mbung'o. Wafugaji wamekuja zaidi miaka ya karibuni, na mpaka leo maziwa mabichi hayapatikani kila asubuhi kwa bei ya kueleweka. Siku nyingi napika na ya unga. Na maziwa ya maji yakipita kwenye mrija wa mashine lazima mrija uoshwe siku hiyohiyo, kila kona. Sufuria naliona lote kwa macho. Nalisugua kwa mchanga laini na sabuni, naligeuza juani. Mrija siuoni ndani.

Hapo ndipo nilipofika mimi mwenyewe. Mwezi wa sita tangu niinunue nilifanya hivi: nikayatoa makopo yote ya unga, nikaiacha mashine iwe ya maji ya moto tu. Saa tisa usiku inaanza kuchemsha peke yake huku mimi nakanda unga wa maandazi. Nachota maji yaliyokwisha chemka, natia kwenye sufuria iliyo kwenye gesi, ambamo tangawizi ilishachemka kwa maji kidogo tangu jioni. Muda wa kuivisha sufuria moja umepungua karibu nusu, na ule moto mrefu wa kuanzia maji baridi nimeachana nao. Sufuria nazo nimezipunguza, natumia za lita tano badala ya kumi na tano, kwa sababu sasa naweza kupika mara nyingi kwa haraka. Lita tano binti anainua bila kutetemeka. Foleni bado ipo, ila inasogea.

Mzee wa mizigo amerudi. Hakusema chochote, aliagiza muhogo.

Mwezi wa saba mashine yenyewe ikaungua koili, kama fundi alivyoeleza. Sasa natumia tangi la kawaida la umeme la kuchemshia maji, lile lenye koki chini. Umeme ukikatika koki inafunguka kwa mkono.

#9 Nesi wa Zamu (Mtwara)

Naungana na hoja ya moto. Mwaka mzima tunapokea watoto waliomwagikiwa chai na uji. Wanaopikia chini, tafadhali inueni jiko juu ya kitu imara na mpini wa sufuria usielekee njiani. Ukiungua mwagia maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, usipake dawa ya meno wala yai, njoo kituoni.

La pili halihusu mashine, lakini nikiwa hapa niseme. Chai nzito inazuia mwili kupata madini ya chuma kutoka kwenye mboga, maharage na vidonge vya kuongeza damu. Wajawazito wanavimeza na chai asubuhi, halafu wanashangaa damu haipandi. Mezeni kwa maji, chai ikae mbali nayo angalau saa moja. Hii ni kwa chai yoyote, ya sufuria au ya kubonyeza.

#10 Korosho Ghafi (Tandahimba)

Nesi ubarikiwe. Namwonyesha mke wangu sasa hivi, ana miezi mitano.

#11 Mtumishi wa Ofisi (Lindi)

@Mpika Chai, nimemuuliza mama leo mchana kama ulivyonielekeza. Amesema mashine ibaki kwa wageni na vikao, lakini angependa jiko na sufuria dogo juu, apike ya saa nne kwa wanaotaka. Kumbe amekuwa akijipikia yake nyumbani na kuja nayo kwenye chupa siku zote hizi, chai ya mashine hainywi. Tumechanga, gesi inanunuliwa Jumatatu.

#12 Dada wa Mitwero (Lindi)

Dada, ni mimi mdogo wako. Nimesoma mpaka mwisho na mume wangu amesoma. Mashine basi. Nachukua tangi la lita kumi lenye koki, jiko la plate mbili na mtungi, inayobaki naongeza meza na viti. Sasa niandikie vipimo vya lita tano humuhumu na wengine wapate, maana ukinielekeza kwa simu unasema "kiasi" na "kidogo" na mimi kiasi chako sikijui.

#13 Mpika Chai wa Stendi (Mtwara)

Haya mdogo wangu, leo nimepima kwa mizani ya jirani anayeuza unga ili nisikudanganye.

Maji lita 3 na nusu. Tangawizi mbichi gramu 150, ioshe, usiimenye, itwange na maganda yake. Ichemke dakika kumi kamili, usikie harufu imejaa. Majani gramu 45 hadi 50, kwangu ni vijiko saba vya chakula visivyofurika. Hiyo ni nusu ya kile kipimo cha waonjaji alichotaja kaka wa Mufindi, kwa sababu sisi tunachemsha. Dakika tatu, zisizidi, ukizidisha inakuwa kakasi na sukari yote utakayotia haitakusaidia. Halafu maziwa lita 1 na nusu. Kama ni ya unga, yakoroge kwanza pembeni kwa maji ya vuguvugu mpaka mabonge yaishe. Hapo usiondoke. Yakipanda shusha moto, yakipanda tena shusha, mara ya tatu toa.

Sukari usitie ndani, weka mezani, kila mtu na yake. Mdalasini ukitaka, kipande cha urefu wa kidole, kiingie pamoja na tangawizi. Mchaichai ukiupata, fundo moja, pamoja na majani, na siku hiyo punguza tangawizi iwe gramu 100.

Iliki punje kumi na mbili, zipondwe wakati sufuria imeshatoka motoni. Tupia, funika, hesabu dakika mbili, ndipo uchuje kwenye chupa. Chupa iwe umeisuuza kwa maji ya moto kutoka kwenye koki. Kikombe cha kwanza kabisa onja mwenyewe kabla hujamuuzia mtu, na kesho saa kumi nipigie uniambie imetokaje.